Hela Ilale Siku 28

Ukitaka kujua ukoo wako una shida ngapi, weka hela benki, kisha usiiguse siku 28.

Hilo ndilo sharti la viza ya mwanafunzi ya Uingereza. Mie wakili wa Dar, nimepata nafasi ya shahada ya uzamili ya sheria London. Nilipoomba, mwaka 2025, anayekwenda London alitakiwa kuonyesha pauni 1,483 za kujikimu kwa mwezi, miezi tisa, jumla pauni 13,347, mbali na ada. Zigeuze shilingi, zinapita milioni 40. Na zilale hapohapo siku 28 mfululizo, zisishuke chini ya hapo hata senti.

Nani kwetu amewahi kuona hela ikilala? Wiki haijaisha, fundi wa paa la bibi kapiga simu. Mara ada ya mtoto wa binamu. Mara msiba Korogwe, na kwenye kundi la ukoo jina langu liko juu kabisa ya orodha ya michango, mbele yake pameachwa wazi. Namweleza kaka kwamba hela ipo ila haiguswi, ananijibu, "Basi hiyo si hela, ni picha."

Isitoshe, nusu yake ni ya shangazi, aliyeuza kiwanja Kibaha. Kwetu shangazi ni baba wa kike. Kwa Waingereza akaunti ya mzazi inakubalika, ukiambatisha cheti cha kuzaliwa. Ya shangazi, hapana. Ikabidi azihamishie kwangu, na tangu hapo kila alfajiri ananipigia. Nikishamwamkia tu, "Marahaba mwanangu. Zimeamkaje?"

"Salama, shangazi."

Chuo nacho kikataka mtihani wa Kiingereza. Sheria nimesoma kwa Kiingereza, hati za madai naandika kwa Kiingereza, lakini nikaketishwa nieleze zawadi niliyowahi kupewa. Dakika mbili, mtahini akanikata. Jaji mwenyewe hajawahi kunifanyia hivyo! Bado picha ya kifua kuthibitisha sina TB, na pauni 776 za matibabu kwa mwaka, uumwe usiumwe.

Basi nimefika. Baridi sitaizungumzia, kila mtu ameshaizungumzia. Kazi ruksa saa 20 tu kwa wiki wakati wa masomo, na hiyo shahada peke yake hainipi ruhusa ya kusimama mahakamani huku hata kuomba ahirisho.

Jana shangazi kapiga. Aliyenunua kiwanja anagombana na jirani juu ya mpaka, na shangazi keshamwahidi kwamba mwanawe wa London atamwandikia barua kali, ya Kizungu. Nikamweleza taratibu kwamba viwanja sivyo ninavyosomea. Mie niko kwenye Sheria ya Bima ya Baharini ya 1906, mambo ya meli na shehena.

Kimya. Nikadhani salio limekwisha.

"Meli?" akasema. "Nimeuza kiwanja Kibaha, usomee meli?"