Kurusha Noti Mzuzu

Harusi ya Songea hulipiwa kabla bibi harusi hajajaribu gauni. Kadi ya mchango inakufuata hadi kazini, unaahidi mbele za watu kiasi ambacho ungekuwa peke yako usingekitaja, unapigiwa simu, unatumiwa ujumbe wenye aya ya Biblia, unalipa kwa awamu kama mkopo wa pikipiki. Siku ya siku unapita mlangoni na kadi iliyoandikwa "Double", kifua mbele. Ukishakaa, kazi yako ni moja tu: kudai ulicholipia. Nyama ikichelewa unanung'unika kwa haki kabisa.

Basi kijana wa jirani yetu pale Bombambili alipotangaza kwamba anaoa Mzuzu, Malawi, kamati iliundwa palepale: mwenyekiti, katibu, mhazini, na sisi wajumbe ambao kazi yetu ni kusema "naunga mkono hoja." Nilimaliza mchango wangu mapema, nikapewa siti kwenye Kosta. Ndugu sikuwa. Nilikuwa mgeni mwalikwa, na nilikusudia kula.

Ukitazama ramani utadhani ni safari ya mchezo. Kutoka Songea unapita Mbinga, unateremka Mbamba Bay, na ng'ambo ya maji ni Nkhata Bay, Malawi. Ila Kosta haiogelei. Tulipanda hadi Njombe na Makambako, tukazunguka na Mbeya, tukateremka Tukuyu hadi mpakani Kasumulu, ili tukishavuka mto Songwe tuanze kurudi kusini kupitia Karonga, ziwa likiwa mkono wa kushoto na kwetu kukiwa ng'ambo yake.

Kuhusu ziwa hilo Mwenyekiti alitupa maelekezo tukiwa bado Tukuyu. Wenzetu wanaliita Ziwa Malawi na wanasema lote ni lao hadi kwenye mchanga wetu, kwa mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa 1890. Sisi tunaliita Ziwa Nyasa na tunasema mpaka unapita katikati. "Kwa hiyo," akasema, "mahari ruksa, Simba na Yanga ruksa, ziwa marufuku mpaka tuwe tumeshakula."

Kasumulu tulikwama kwa sababu ya Shangazi. Shangazi wa bwana harusi alikuwa amebeba gunia la mahindi. Mtu wa Ruvuma akikupenda anakupa mahindi, asipokupenda anakuuzia. Sasa, mwishoni mwa 2023 Malawi ilipiga marufuku mahindi ya punje kutoka Tanzania na Kenya, kwa kuhofia ugonjwa wa virusi unaoua mahindi shambani. Afisa wa upande wa pili, kijana mpole mwenye Kiswahili safi, akamweleza kwamba yakiwa unga yanapita, yakiwa punje hapana.

"Baba, yana ugonjwa gani?" akauliza Shangazi. "Mimi nimeyala jana. Unaniona naumwa?"

"Shikamoo, Mama. Wewe huumwi. Yanayoumwa ni mahindi."

Salamu ile ilimlainisha kidogo, lakini gunia hakuliacha. Lilirudi upande wetu juu ya bodaboda, Shangazi nyuma yake amelikumbatia, kutafuta mashine ya kusaga. Sisi wengine tulifuata kwa miguu, maana Mwenyekiti alisema ujumbe hautengani. Mashinani kukazuka mjadala mpya: kukoboa kwanza lipatikane sembe, au kusaga dona tuwahi harusi? Kupeleka dona ukweni Shangazi aliona ni kujitangazia ufukara. Foleni ya kukoboa ilikuwa ndefu, dereva anapiga honi. Akakubali dona huku akimwamuru msagaji abadili chekeche aweke laini. Unga ulitoka wa moto. Alikuwa akiuchota kwa vidole viwili, anausugua, anatikisa kichwa, anachota tena. Alipopanda Kosta alikuwa mweupe hadi kope, na kitenge cha sare alichokinyoosha Songea kilikuwa hakisomeki rangi.

Malawi wako nyuma yetu kwa saa moja. Simu zetu zilijirekebisha zenyewe tulipovuka. Saa ya mkononi ya Mwenyekiti haikujirekebisha, na mwenye kutoa amri ya kuondoka ni yeye. Ndivyo ilivyotokea, nadhani kwa mara ya kwanza katika historia ya kamati za harusi za Songea, tukafika kanisani kabla ya mfagiaji kumaliza. Ibada ilikuwa ya Kipresbiteri, nasi wengi wetu ni Wakatoliki wa kulelewa na Wabenediktini wa Peramiho. Wenzetu wakisimama, sisi tulikuwa tumeshapiga magoti. Tuyaache hayo.

Ukumbini nilitafuta kwa macho meza ya bufee. Haikuwepo. Nikaletewa soda na sambusa moja, nikaipokea nikijua huo ni utangulizi. Kumbe ndiyo ilikuwa sura yote. Bia Mwenyekiti aliiulizia kwa sauti ya chini, akaletewa juisi ya machungwa.

Kisha MC akashika kipaza sauti, muziki ukapanda, akaanza kuita: "Perekani, perekani!" Maana yake ni toeni, na watu wakatoa. Kule sikuona kadi ya mchango. Harusi inachangiwa palepale, kwa kucheza. Wanaitwa marafiki wa bibi harusi, wanakuja wakicheza na kurusha noti mojamoja kwenye kapu lililowekwa mbele ya maharusi. Wanaitwa majirani, kwaya, waliosoma naye, wenye viatu vyeusi. Noti zinaruka, zingine zinatua sakafuni, mabinti wanaziokota na kuzitia kapuni. Pembeni ipo meza ya kuvunja noti: unapeleka kubwa, unapewa kibunda cha ndogo, unarudi kucheza. Mtu mwenye akili harushi noti kubwa, kwa sababu itamaliza wimbo wake mapema.

Kabla zamu yetu haijafika, Mwenyekiti akaombwa kusema neno. Alianza vizuri. Wakwe zetu ni Wangoni wa Mzimba, naye akawakumbusha kwamba Zwangendaba, mfalme wa Wangoni, alipofariki kule Ufipa, miaka ya 1840, watoto wa nyumba moja walitawanyika, wengine wakaja kukaa Songea, wengine wakaishia huku. "Tuliachana Ufipa," akasema, "tumekutana Mzuzu!" Ukumbi ukalipuka kwa vigelegele. Angekaa hapo! Lakini makofi yalimpa nguvu, akaendelea: "Na leo, kwa upendo, tumelizunguka Ziwa Nyasa lote…"

Mkalimani alisita. Muziki nao ukawa kama umepata habari. MC ndiye aliyetuokoa: "Wenye nusu ya ziwa, njooni mlilipie! Perekani!"

Tukainuka. Fedha ya kamati ilikuwa kwa mhazini, ndani ya bahasha, pamoja na orodha ya waliochanga. Alitaka kuikabidhi mkononi kwa mkwe, isomwe, isainiwe. Akaambiwa bahasha hairuki. Akapelekwa kwenye meza ya kuvunja, akahesabu kibunda mara mbili huku wimbo ukienda, ndipo akaingia uwanjani, daftari kwapani, kalamu sikioni. Anarusha noti, anasimama, anaandika. Anarusha nyingine, anaandika. Noti moja ya kwacha 500 ikapeperuka ikaangukia mbali na kapu. Akaifuata, akaiokota, akarudi nayo mahali pake ili airushe upya kwa utaratibu.

"Jamani," MC akapiga kelele, "Tanzania inachukua chenji!"

Shangazi ndiye aliyelisafisha jina la nchi. Aliingia na unga wake kichwani, gunia zima, anacheza bila kulishika. Mama wa bibi harusi akatoka kumpokea, wakacheza wote wawili na wingu la dona juu yao.

Chakula nilikipata usiku, nyumbani kwa wakwe, kwa usipa wa ziwani ambao hakuna aliyeuliza wamevuliwa nusu ipi. Ugali ulikuwa wa dona. Nilisafiri kupitia mikoa mitatu na mpaka mmoja kwenda kula mahindi ya Bombambili, na Shangazi alikaa akituangalia tunavyomega, aone kama chekeche ilikuwa laini.

Kikao cha kuvunja kamati kilifanyika baada ya sisi kurudi. Mhazini alisoma mapato, nauli, gharama za mashine ya kusaga, kisha "fedha zilizorushwa". Katibu akapiga hesabu, akapiga tena, akasema matumizi yamezidi mapato kwa kwacha 500.

"Ni sahihi," akajibu mhazini bila kuinua macho. "Hiyo moja niliirusha mara mbili."