Koleo la Mtaroni

Shangazi ni mlengwa wa TASAF, Mfuko wa Maendeleo ya Jamii Tanzania. Katika awamu ya Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini iliyozinduliwa Februari 2020, kaya yenye mtu mzima mwenye nguvu ilipangiwa ajira za muda: siku 60 kwa mwaka, shilingi 3,000 kwa siku. Kwetu mwenye nguvu ni yeye tu.

Siku ile masika yalikuwa yamepamba moto hapa Kariakoo. Uani maji tupu, kwa hiyo jiko la mkaa lilikuwa chumbani, maharage yakichemka. Alimwacha mjukuu wake wa miaka mitatu kwa mama mshonaji wa chumba cha pili, akawahi kazi yake ya TASAF, kuzibua mtaro. Mshonaji naye ana cherehani na wateja wake. Mtoto akapenya chumbani, akasukuma komeo.

Tulishtushwa na harufu ya maharage yanayoungua. Moshi ukawa unatoka chini ya mlango, mtoto anakohoa. Kijana anayeuza mitumba Mtaa wa Kongo alipiga bega mara kadhaa, mlango wa mninga haukutikisika. Mwingine alikimbilia mtaroni. Shangazi alikuja mbio, tope hadi magotini, koleo la kazi mkononi. Alilichomeka kwenye ubavu wa mlango, akalikandamiza kwa uzito wake wote, komeo likang'oka. Mtoto alitoka macho mekundu, analia, mzima.

Shangazi alimnywesha maji, akamkumbatia, kisha akarudi mtaroni. Asiyeonekana kwenye mahudhurio hana malipo. Komeo jipya, fundi na sufuria iliyotoboka vilikula ujira wa siku kadhaa.

Sina ugomvi na kazi yenyewe. Mtaro ule ukiziba, maji machafu huingia hadi kwenye vitanda vyetu, na shangazi hujivunia kazi yake. Ila kulea nako ni kazi. Sheria ya India ya mwaka 2005 ya ajira vijijini iliagiza kwamba wanawake wakifika kazini na watoto watano au zaidi walio chini ya miaka sita, mwanamke mmoja awatunze na alipwe ujira sawa na wenzake. Mtaroni kwa shangazi kina mama wenye watoto wadogo ni wengi, na bibi mmoja mwenye goti bovu angeifanya kazi hiyo vizuri.

Kwa sasa bibi huyo anamtunza mjukuu wa shangazi. Shangazi humpa mia tano kila siku ya kazi, anabaki na elfu mbili na mia tano.