Namna ya Kulala Menengai Ukaamka Unaliona Ziwa

Anza na mama. Kabla hujatafuta hema wala hujauliza nauli ya bodaboda, mwambie mama kwamba Jumamosi utalala mlimani, na umwambie siku tatu mapema, maana ukimwambia Ijumaa usiku atadhani umegombana na mtu. Wangu alikuwa mlangoni, mtaani Bondeni, mjini Nakuru, anapepeta maharagwe. Ungo ukasimama hewani. "Mwanangu, una kitanda, una blanketi, paa letu halivuji. Unaenda kulala nyasini kama ndama aliyepotea, tena kwa kulipa?" Nikamwambia, "Mama, nataka kuona tunakokaa." Akaendelea kupepeta. Jioni nikakuta ameweka blanketi lake zito juu ya begi langu. Ukiwekewa blanketi la namna hiyo usilirudishe. Utalihitaji.

Jina la mtaa wetu halidanganyi: tuko bondeni kweli. Kaskazini kuna Menengai, volkano iliyobomoka katikati ikaacha shimo la kilomita 12 kwa 8 hivi, na ukingo wake unafika mita 2,278. Kusini kuna Ziwa Nakuru. Tumewekwa katikati kama nyama ndani ya sambusa, na bado mtoto wa Bondeni anaweza kufikisha miaka 20 hajaliona ziwa ila kwenye kalenda ya ukutani. Ukiinua macho kichochoroni unaona kamba ya nguo ya jirani. Ukienda hadi mwisho wa mtaa wa Lake View unagonga ua wa umeme wa mbuga ya wanyama inayozunguka ziwa. Watalii wanatoka Ujerumani kuja kuona kilicho nyuma ya ua huo. Sisi tunasikia tu jinsi kilivyo. Kwa hiyo panda. Kutoka mjini hadi ukingoni hazifiki kilomita 10, na unapanda kama mita 400 hivi. Mwenye pumzi atembee, mwenye haraka apande pikipiki.

Usipande kimyakimya. Menengai ni msitu wa serikali, uko chini ya Shirika la Misitu, KFS. Ulizia ruhusa ya kulala, lipa ada langoni, chukua risiti, na uombe mtu wa kijiji cha karibu akae nanyi usiku kwa malipo mtakayokubaliana. Mwenyeji anajua njia, anajua nani ni nani, na mbwa wake wanamjua. Kwenda wawili wenyewe, gizani, mkiwa na simu mbili za bei, sikushauri hata kidogo.

Watu wanne au watano wanatosha. Yule rafiki mwenye spika kubwa kuliko begi lake la nguo mwache stejini, tena umwage vizuri, umwambie unampenda. Anayeuliza mtandao kabla ya kuuliza maji, naye abaki amfariji. Mchukue anayejua kuwasha jiko bila kelele, na mchukue mmoja anayeamka mapema. Huyo wa kuamka mapema ni muhimu kuliko hema, na sababu utaiona.

Hema lenyewe usiliamini mpaka ulisimamishe. La kwanza nililikodi mjini kwa mtu aliyeniapia kwamba liko kamili. Tulilifungua juu saa moja jioni, upepo unavuma, tukakuta vijiti vitatu badala ya vinne na zipu inayofunga nusu. Usiku ule watu watatu walishikilia kitambaa kwa zamu. Tangu hapo hema langu, liwe la kukodi au la kuazima, husimama kwanza uani siku ya Alhamisi. Watoto wote wa ploti wataingia ndani. Waache waingie: wakiruka humo dakika kumi na likabaki wima, litahimili Menengai.

Kuna jambo moja ambalo anayekodisha hakwambii. Udongo wa kule juu ni majivu ya volkano, mwepesi na mkavu. Ukikita kigingi kinazama kwa urahisi unaokufurahisha, kisha upepo ukivuta mara moja kinatoka kwa urahisi uleule. Chimba mfereji wa kina cha kiganja, laza kigingi humo kikiwa kimefungwa kamba katikati, kifukie, kanyaga, halafu weka juu jiwe ambalo mtu mmoja analibeba kwa taabu. Mawe yapo tele, ya kijivu, yenye makali, vaa viatu. Fanya hivyo pembe zote nne kabla jua halijazama. Usiku nilipofuata utaratibu huu mara ya kwanza upepo ulipiga kitambaa mpaka alfajiri, na sikuamka ila kugeuka upande.

Ukingo hauna uzio. Sakafu ya shimo iko karibu mita 500 chini. Simamisha hema hatua 100 kutoka hapo, upande wa mteremko unaotazama ziwa, na mlango uutazame mji. Kabla giza halijaingia, kubalianeni choo kiko wapi na njia ya kwenda huko, kisha mpange mawe madogo kandokando yake au mfunge kitambaa cheupe kichakani. Mtu anayetoka saa nane usiku nusu macho, tochi ameisahau, anafuata miguu yake tu. Miguu hiyo iwe imefundishwa mchana.

Baridi. Watu wa Nakuru tunadhani tunaijua kwa sababu ya Julai. Baridi ya kule hupanda kutoka ardhini, inapita kwenye godoro jembamba kama maji kwenye chujio, na hewa ya usiku huweza kushuka chini ya nyuzi 10. Mablanketi manne juu na utupu chini hayasaidii. Pita duka la vyombo vya umeme Ijumaa, omba katoni za friji, zikunjue, tandika mbili, moja juu ya nyingine, kisha mkeka, kisha godoro, kisha wewe. Vaa soksi kavu za kulalia ambazo hukutembea nazo. Zipu ya juu iache wazi kwa upana wa vidole vitatu, la sivyo pumzi zenu zitagandia kwenye kitambaa na saa kumi alfajiri kitawanyeshea. Na jiko la makaa lisiingie ndani ya hema hata kwa dakika moja, hata likibaki na kaa moja. Hewa ya makaa haina harufu, haikohozi mtu, na imeua watu wengi waliotaka joto tu. Katika mwongozo huu wote, hili ndilo ningekushika mkono nikikwambia.

Chakula hakina siri. Chemsha githeri nyumbani, ukaange huko. Chapati zifunge kwenye leso. Mahamri ya asubuhi yafiche, maana atakayeamka usiku atayala. Nyani wakiwapo watachukua unga, mkate, hata sabuni. Chakula kilale kwenye ndoo yenye kifuniko na jiwe juu. Makaa toka nayo mjini. Leleshwa, ule mti mdogo wa majani ya kijivu uliojaa kule, unawaka vizuri na kunukia, lakini usiukate. Na miezi ya ukame, Januari na Februari, cheche moja yaweza kuteketeza upande mzima wa mlima. Jivu limwagie maji mpaka uweze kulishika kwa mkono.

Maji hayapo juu. Mvua inanyesha, mwamba unaimeza. Beba lita tano kwa kila mtu, kwenye mtungi, na zile chupa ndogo za plastiki ziache dukani. Tangu tarehe 5 Juni 2020 plastiki za kutumia mara moja zimepigwa marufuku ndani ya mbuga, misitu na fukwe zetu. Sheria ipo, lakini mimi nina sababu nyingine ninayoishika zaidi, nayo huonekana asubuhi.

Usiku ni wa hadithi. Menengai inazo tele kuliko mlima wowote ninaoujua. Wakikuyu waliuita mlima wa mizimu. Wamasai husimulia vita vyao wenyewe vya karne ya 19, kundi la Ilpurko likiwasukuma wenzao wa Ilaikipiak mpaka ukingoni na kuwatupa shimoni, na kwamba mvuke unaotoka kule chini ni roho zao zinazotafuta njia ya kupanda. Mvuke upo kweli. Visima vya mvuke vilianza kuchimbwa mwaka 2011, na tangu 2023 kuna mtambo wa megawati 35 unaofua umeme humo ndani. Ukichungulia usiku unaona taa zake chini kabisa, peke yake, kama jiko la mtu aliyehamia kusikokaa watu. Simulia yote mawili, vita na visima, na msimulizi asizime tochi ghafla.

Kisha geuka utazame kusini, upande wa hema. Hapa ndipo unapoanza kulipwa kwa taabu yako. Mji wote uko chini, taa kwa taa: Milimani zimetawanyika, barabara kuu inatembea na malori, katikati ya mji kumekucha usiku kucha, halafu kwenye mitaa ya zamani zimebanana, Bondeni, Kaloleni, Flamingo. Halafu zinakatika. Ghafla, kama zimekatwa kwa kisu. Weusi ule mpana usio na taa hata moja ndio ziwa na mbuga yake. Mara ya kwanza nilikaa nautazama muda mrefu. Miaka yote nimelala karibu na weusi ule, sikuwahi kujua ukubwa wake.

Saa kumi na moja yule wa kuamka mapema awaamshe wote, na asiwe na huruma. Azan inapanda kutoka chini, nyembamba, mara inabebwa na upepo mara inarudi. Chai iwe motoni. Jifunikeni blanketi, mkae chini, msiongee. Taa za mji zinaanza kupauka, weusi unageuka kijivu, kijivu kinapata mng'ao kama sahani ya bati, na kufikia saa kumi na mbili na nusu ziwa limelala pale lote, kutoka kwenye paa za Lake View hadi vilima vya ng'ambo.

Litazame vizuri kwa sababu si lile la kwenye kalenda. Kalenda ina heroe, wale tunaowaita flamingo, wameupaka rangi ya waridi ufuo mzima. Tangu mwaka 2010 hivi maji yamepanda, ziwa lililokuwa na kilomita za mraba kama 40 likapita 60. Lilimeza lango kuu la mbuga, likaua migunga ikabaki imesimama majini mikavu, likaingia mashambani na majumbani kwa watu wa Mwariki na Barut. Maji yalipokuwa mengi magadi yakapungua nguvu, mwani wanaoula heroe ukapungua, na wengi wao wakahamia Ziwa Bogoria. Hata hivyo ziwa halijawahi kuwa na ukubwa mmoja. Maelfu ya miaka iliyopita, enzi za mvua nyingi, lilikuwa limeungana na Ziwa Elementaita, na kilima cha Hyrax Hill, pale ambapo mwanaakiolojia Mary Leakey alichimba mwaka 1937 na 1938, kilichomoza ndani ya maji. Watu waliishi pale kando ya maji, na wa baadaye wakachonga mashimo ya bao kwenye mwamba. Nao naamini walikuwa na asubuhi kama hii.

Sasa nyoosha kidole ufuate maji. Anza miguuni pako. Mvua ikinyesha hapa, ile isiyomezwa na mwamba inateremka Milimani, inapita chini ya barabara kuu, inaingia mitaro ya mjini, inafika kwetu Bondeni ikiwa ya kahawia na yenye hasira, inakata Flamingo, inapita ua wa mbuga bila kulipa kiingilio, inaingia ziwani. Na hakuna mto unaotoka kwenye ziwa lile. Njoro unaingia, Makalia unaingia, Nderit unaingia, mitaro yetu inaingia. Maji hupanda na jua, na kila kilichokuja nayo hubaki.

Nilipokuwa darasa la pili mvua ilinichukulia ndala ya mguu wa kushoto kwenye mtaro wa nyuma ya kwetu. Nilikimbia nayo hadi mtaro ulipoingia chini ya ukuta, nikarudi nikilia. Sikujua ilikwenda wapi. Miaka mingi baadaye, nimekaa juu ya katoni ya friji na kikombe cha chai, niliiona njia yake yote, kipande kwa kipande, mpaka majini.

Kwa hiyo gunia la takataka ndilo la mwisho kufungwa na la kwanza kubebwa. Kila mmoja atembee mara mbili kuzunguka kambi akiwa ameinama: vifuniko vya chupa, kamba, maganda ya peremende, vijiti vya kiberiti, nywele bandia kama zipo. Okota na ulivyovikuta. Ondoeni mawe kwenye vigingi, fukieni mifereji, mkunje hema likiwa kavu. Teremkeni kwa miguu, ili magoti yakumbuke mteremko.

Nilifika nyumbani saa nne. Mama alichukua blanketi lake, akalinusa, akalitundika kambani kwenye jua. Hakuuliza kama nililala vizuri. Alitaka kujua jambo moja, kama paa letu linaonekana kutoka kule. Linaonekana, nikamwambia, lile lenye bati jipya upande wa mtaro.