Misingi ya Elimujezi: Je, Goti Bovu Listaafishiwe Namba?

Mwanafunzi, kaa vizuri na zima simu. Jambo tunaloliingia leo limewashinda wanafalsafa wa kila zama, hasa kwa kuwa hakuna aliyewahi kuwauliza: je, timu ya mpira wa kikapu imtundikie jezi darini nyota ambaye majeraha yalimtoa mchezoni mapema? Wapo wanaodhani hayo ni maneno ya kijiweni. Hao watafeli.

Tuanze na fasili. Utundikajezi ni tendo la klabu kuipandisha namba ya mchezaji kwenye dari la uwanja ili mwingine asiivae tena. Ligi ya NBA inaruhusu 0, 00, na 1 hadi 99, jumla namba 101. Zingatia kwamba 0 na 00 ni namba mbili mbele ya refa lakini ni moja mbele ya mwalimu wa hesabu. Tofauti hiyo nimeiandikia sura nzima, nawe utaisoma. Kwa hiyo kila jezi inayopanda inapunguza hazina isiyoongezeka. Boston Celtics wamekwisha kutundika zaidi ya 20. Piga hesabu, kisha ulie.

Fasili ya pili ni uingekuwa, yaani jumla ya utukufu wa ziada ambao mchezaji angeupata lau mwili ungekubali. Kinyume chake ni ulikuwa, yaani yaliyoandikwa kwenye daftari la ligi. Ukigawanya uingekuwa kwa ulikuwa unapata Kigawe cha Goti, na hapo sayansi inaanza.

Ngeli ya Kwanza: Watimilifu. Michael Jordan, 23, Chicago. Kigawe chake ni sifuri. Hatufundishi kitu, tumpite.

Ngeli ya Pili: Watundikwa-hewa. Hapa inastaafu namba ambayo mwenyewe hakuivaa katika timu hiyo. Portland walitundika 77 kwa kocha Jack Ramsay, aliyewapa ubingwa wa 1977. Utah walitundika 1223, idadi ya ushindi wa kocha Jerry Sloan akiwa nao. Kuilinda namba hiyo isivaliwe ni kazi nyepesi, kwani haitoshi mgongoni. Miami walitundika 23 ya Jordan, mtu ambaye hakuwahi kuwachezea hata dakika moja. Wapo pia Celtics, walioandika LOSCY darini kwa heshima ya Jim Loscutoff, aliyeomba namba yake 18 iachwe itumike. Ikatumiwa na Dave Cowens, kisha ikastaafishwa kwa ajili ya Cowens. Mbele ya mkasa huo Elimujezi hunyamaza kidogo, halafu huendelea.

Ngeli ya Tatu: Waliokatwa Ghafla. Maurice Stokes wa Cincinnati Royals alianguka na kugonga kichwa Machi 1958, akiwa na misimu mitatu tu kwenye ligi, akapooza. Namba yake 12 imestaafu, na hakuna mwenye akili atakayeleta kigawe hapa.

Ngeli ya Nne: Wenye Viungo Vigeugeu. Hii ndiyo ngeli mama, nayo ina matawi mawili. Tawi la kwanza lina taji. Bill Walton aliichezea Portland mechi 209 pekee, na katika misimu yake minne huko hakuna hata mmoja aliovuka mechi 65, kwa sababu ya miguu. Lakini alileta kombe la 1977, akawa MVP, yaani mchezaji bora wa ligi, mwaka uliofuata, na 32 ikapanda bila mjadala. Kombe, mwanafunzi, hutibu kila kitu isipokuwa mguu.

Tawi la pili halina taji, nalo ndilo linalovunja ndoa. Mtazame Derrick Rose, mtoto wa Chicago, aliyechaguliwa wa kwanza na Chicago Bulls mwaka 2008. Mwaka 2011, akiwa na miaka 22, alikuwa MVP mdogo kuliko wote, na timu ilishinda mechi 62. Tarehe 28 Aprili 2012, katika mechi ya kwanza ya mtoano dhidi ya Philadelphia, Bulls wakiongoza kwa pointi 12 na zikiwa zimebaki chini ya dakika mbili, aliruka, akatua, na kano ya goti la kushoto ikachanika. Watafiti wa shule pinzani wanauliza: alikuwa anafanya nini uwanjani wakati huo? Hilo ni la idara ya Kocholojia, si langu. Msimu mzima uliofuata hakucheza. Aliporudi, goti la kulia likadai zamu yake.

Je, namba yake 1 ipande? Kigawe peke yake hakitoshi. Ndiyo maana nilibuni Kipimo cha Mvaaji Ajaye: mpe mgeni jezi hiyo, kisha uangalie mji. Kipimo kilikwisha kufanyika bila idhini yangu. Rose alipouzwa New York mwaka 2016, Michael Carter-Williams aliwasili Chicago, akapewa namba 1. Watu walinuna kiasi kwamba akahamia 7. Namba ilistaafu siku hiyo. Uongozi ulipotangaza mwaka 2025 kwamba 1 itakuwa ya tano darini, baada ya 4, 10, 23 na 33, ulikuwa unasoma tu kumbukumbu za kikao kilichokwisha kufanywa na mashabiki. Mwenye hoja kwamba Rose hakuleta kombe ajibiwe kwa upole kwamba kombe halimo kwenye kipimo.

Zoezi la nyumbani. Brandon Roy wa Portland, namba 7, alikuwa na magoti yaliyoishiwa gegedu. Tarehe 23 Aprili 2011, timu yake ikiwa nyuma ya Dallas kwa pointi 23, alifunga 18 katika robo ya mwisho, wakashinda 84 kwa 82. Mwaka huohuo akatangaza kuacha mpira. Namba yake haijatundikwa. Tafuta Kigawe chake na upime Mvaaji Ajaye, kwa kurasa zisizozidi 40, wino mweusi. Mchoro uonyeshe magoti yote mawili, maana Roy hakubagua.