Dhahabu Imkimbiayo Mama

Jioni, kwenye karasha la mawe huko Nyarugusu, Geita. Mashine imezimwa. NYUNDO ndiyo kwanza imepandishwa kutoka duarani, shimo la kuchimbia. KARAI limeinamishwa likauke. FISI, mzee wa pande za Shinyanga, anapita zake akitafuta mifupa kwa mama ntilie.

NYUNDO: Mayu Karai, nakuheshimu, lakini usikae hapo mdomoni mwa duara. Mwamba unakaribia kufunguka, na mwanamke akisogea dhahabu inahama. Dunia imeharibika: vijana wanaruka ukuta wa mgodi mkubwa usiku kwenda kuiba mawe, maharamia watupu, na wanawake nao siku hizi wanataka kushuka chini. Ni uasi ule ule.

KARAI: Nimekusikia, baba. Ila nieleze dhahabu yako ina akili ya namna gani. Ikiwa chini, inamnusa mwanamke na kutoroka. Jiwe likishapandishwa, analipokea nani? Mama. Analiponda, analichekecha, anauosha unga wake ndani yangu na kuukanda kwa zebaki, mikono mitupu, mtoto mgongoni. Muda wote huo dhahabu imetulia, haijatoroka hata punje. Inamwogopa mwanamke pale tu anapoweza kudai fungu katika mifuko ya mawe inayogawiwa, kwanza kwa mwenye leseni, kisha kwa mwenye duara na wachimbaji wake. Penye fungu yeye ni nuksi, penye kibarua cha kuponda ni mchapakazi. Kwa hiyo mimi nasema mwiko wenu unalinda mgawo, dhahabu imesingiziwa.

NYUNDO: Ni mila za wazee hizo.

KARAI: Wazee wepi? Wazee wa Usukuma walituachia miiko ya ng'ombe, ya mvua na ya mtama. Mgodi wa Geita ulianza kuchimbwa enzi za mkoloni, miaka ya 1930, ukaendelea hadi 1966, na wachimbaji wadogo walifurika huku baadaye sana, wengine wakitoka mikoa ya mbali. Huko Uingereza sheria ya mwaka 1842 ilikwisha kuwafungia wanawake milango ya migodi ya chini ya ardhi, na mwaka 1935 Shirika la Kazi Duniani likapitisha mkataba wa kuwazuia kote. Sisemi karatasi za shirika hilo ndizo zilizozaa mwiko wenu. Nasema Mzungu aliyekuja kuchimba alikuwa na mwiko wake mkobani, tena hakuuita mizimu, aliuita ulinzi wa mwanamke. Sababu hubadilika, mlango unabaki umefungwa.

NYUNDO: Hayo ni maneno. Thibitisha kwamba madini hayakimbii.

KARAI: Limethibitishwa, tena na mtu ambaye hakukusudia kuthibitisha chochote, alitafuta riziki tu. Pili Hussein aliingia machimbo ya tanzanaiti kule Mirerani kwa mavazi ya kiume, akajiita Mjomba Hussein, akachimba karibu miaka kumi bila wenzake kumgundua. Ungetaka jaribio gani zaidi ya hilo? Kama mwiko ungekuwa kweli, mashimo yale yangekauka na wanaume wangeshangaa laana imetoka wapi. Haikuwa hivyo. Alipata mawe, akatajirika, akawa na machimbo yake. Siri haikufichuliwa na madini. Ilifichuka aliposhukiwa kwa kosa la ubakaji, ikabidi aonyeshe kwamba ni mwanamke.

NYUNDO: Tanzanaiti si dhahabu.

KARAI: Sawa, labda dhahabu ina pua kali zaidi. Lakini sasa wewe ndiwe unayedaiwa ushahidi.

FISI: Mhola, jamani. Nimesikia uharamia unatajwa nikasimama, maana mimi na jina baya tunafahamiana. Hao vijana wa kiroba, kuiba wanaiba, siwatetei. Ila Machi 2017 serikali ilizuia makontena 277 ya makinikia kutoka migodi ya Bulyanhulu na Buzwagi, kule kwetu Kahama. Kampuni ikaambiwa imetuibia, ikaandikiwa deni la kodi la dola bilioni 190. Mwisho wake watu walikaa mezani, wakakubaliana dola milioni 300, na serikali ikapata asilimia 16 katika kampuni ya pamoja, Twiga. Huenda yalikuwa maelewano mazuri. Hesabu za makontena nawaachia maprofesa. Ninachouliza ni kwa nini kijana wa kiroba hana meza. Yeye hukutana na mbwa tu, na risasi.

NYUNDO: Mzee, wewe unabebeshwa wachawi usiku, utatufundisha nini?

FISI: Ndiyo, nimeambiwa vikongwe hunipanda kila usiku hadi Mwanza na kurudi. Mgongo wangu ungekuwa umeshavunjika, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuniachia mfupa. Macho yao mekundu, ambayo watu huyaita dalili ya uchawi, ni moshi wa kuni na samadi. Lakini angalieni kidole kinaelekea wapi: mara nyingi kwa mjane mwenye shamba, ambalo ndugu wa marehemu wanalitamani. Hakuna anayemtuhumu kikongwe asiye na cha kurithiwa kwa ari ile ile. Mwaka 1976 serikali iliwakamata washukiwa wa uchawi Mwanza na Shinyanga, wengine wakafia mikononi mwa dola. Ali Hassan Mwinyi, waziri wa mambo ya ndani, akajiuzulu Januari 1977. Waziri alikubali kuubeba mzigo huo. Vijijini mapanga dhidi ya vikongwe yaliendelea.

NYUNDO: Mnaikejeli imani. Nyie hamjashuka. Kule chini udongo ukicheka, watu kumi hawapandi tena. Mtu lazima ashike kitu.

KARAI: Hapo umesema kweli, na sitakucheka. Hofu ya shimoni ni ya haki, na anayesali kabla ya kushuka simlaumu, awe wa Ijumaa au wa Jumapili. Lakini sala haimwondoi mtu kwenye mgawo. Mwiko unamwondoa, na kibaya zaidi unawaua ninyi wenyewe: duara likiporomoka mnauliza ni mwanamke gani alipita, hamuulizi matimba yalikuwa mabovu kiasi gani na nani alibania hela ya kuyabadilisha. Mwenye duara anaipenda sana imani hiyo. Haimgharimu hata gogo moja.

FISI: Basi wavae suruali wote kama Mjomba Hussein.

KARAI: Hapana, babu. Mwaka 1720 Anne Bonny na Mary Read, waliowahi kuvaa kiume, walihukumiwa Jamaika kwa uharamia, na meli ziliendelea kuwa za wanaume. Anayejificha anathibitisha kwamba sheria ni ya uongo, kisha anaiacha ilivyo, kwa sababu usalama wake uko katika kutoonekana. Akina mama waliounda chama chao cha wachimbaji, TAWOMA, mwaka 1997 walichagua njia ndefu zaidi, ya kutambulika kwa majina yao. Sheria ya madini haijali leseni imeandikwa jina la Masanja au la Kabula. Kabula akiwa mwenye leseni, nyie mtashuka kwenye shimo lake, na sijasikia mtu akikataa mifuko yake kwa kuogopa nuksi.

NYUNDO: Na akitaka kushuka mwenyewe, atadai mifuko mingapi?

KARAI: Umeuliza mifuko, baba. Hukuuliza kama dhahabu itakimbia.

NYUNDO: Niliuliza tu.