Nyigu wa Bluu

Walinisukuma wanaume sita, na wa saba alikimbia pembeni akitoa amri.

"Tia gia mbili, Mwalimu! Achia klachi!"

"Haina klachi," nikajibu, kwa sauti ya mtu anayeungama.

Wakasimama. Skuta nayo ikasimama papo hapo, maana ina kilo zaidi ya 200 na haijawahi kwenda popote kwa hiari yake.

"Basi piga kiki."

"Haina kiki."

"Na gia?"

"Haina."

Yule wa saba, mzee mwenye baraghashia iliyokuwa nyeupe zamani, akaizunguka mara moja kama mtu anayekagua ng'ombe mnadani. Kisha akauliza swali ambalo mke wangu alikwisha kuniuliza kwa maneno makali zaidi: "Sasa Mwalimu, wewe ulinunua nini?"

Nilinunua kwa sababu ya mgongo, na kwa sababu ya uvumi.

Mgongo kwanza. Nafundisha shule ya msingi Rungwa, pembe ya kusini-magharibi ya Mkoa wa Singida, pale njia zinapogawana: moja inakwenda Makongolosi hadi Mbeya, nyingine Ipole hadi Tabora, na ya tatu inarudi Itigi, ambako mke wangu na watoto wanaishi jirani na reli. Kutoka ubao wangu hadi sahani yangu ya ugali ni karibu kilomita 200 za udongo. Kila baada ya wiki mbili nilizikata juu ya pikipiki kuukuu aina ya Boxer, mpaka pingili za uti wa mgongo zikaanza kujitambulisha kwangu moja moja.

Uvumi ulikuwa huu: lami inakuja. Barabara yote, kuanzia Mkiwa, Itigi, Rungwa hadi Makongolosi, ina kilomita 413, na kila bajeti inaposomwa Dodoma sisi wa huku tunasogelea redio kama watahiniwa wanaongoja matokeo. Tatizo ni kwamba lami ina tabia ya kuanzia nchani, na Rungwa Mungu aliiweka katikati. Hilo sikulipigia hesabu, ingawa Hisabati ndiyo somo langu.

Nilikuwa nimekwenda Dar es Salaam harusini. Binamu yangu akanipakia kwenye skuta moja kubwa ya Kijapani, ya cc 400, kutoka Mbagala hadi Mbezi. Nilikaa kama niko sebuleni. Kulikuwa na kiegemeo cha mgongo! Chini ya siti kulikuwa na sanduku la kumeza kofia ngumu mbili na mkate. Niliposhuka nilikuwa mtu mwingine, na mtu yule mwingine alikuwa na fedha za bati mfukoni. Wiki mbili baadaye skuta ya namna hiyo, iliyotumika, ya bluu kama bahari ya kwenye kalenda, iliteremshwa Itigi. Mke wangu aliitazama muda mrefu.

"Baba watoto," akasema, "bati ishirini na nane zimegeuka kiti."

Rungwa hakuna aliyeiita kwa jina lake la Kijapani. Wazee waliipa jina lile lile wanalozipa skuta zote za dunia: Vespa. Siwalaumu. Vespa ndiyo mama yao. Waitaliano waliitoa mwaka 1946, nchi yao ikiwa bado kifusi cha vita, na aliyeichora, Corradino D'Ascanio, alikuwa mhandisi wa ndege asiyezipenda pikipiki hata kidogo. Aliziona chafu na za taabu. Basi akaifunika injini isimchafue mtu, akaiondoa cheni, akaacha uwazi mbele ya siti ili hata aliyevaa sketi apande bila kurusha mguu. Habari ya sketi niliisoma nikaipita haraka. Ningejua, ningeirudia.

Vespa, kwa Kitaliano, ni nyigu. Shikilia neno hilo, maana wadudu watakuja.

Safari ya kwanza niliondoka Itigi saa kumi na mbili asubuhi, nimevaa shati jeupe. Shati jeupe! Kufika Mitundu lilikuwa la kaki, na mimi nilikuwa nimeelewa jambo ambalo D'Ascanio hakuhitaji kulijua. Gurudumu la Boxer ni la inchi 17; langu ni la 14 mbele na 13 nyuma. Barabara yetu ina rasta, yale matuta madogo yaliyojipanga kama misuko kichwani mwa binti. Boxer huyapita kwa juu juu. Skuta yangu iliingia katika kila rasta, ikatoa shikamoo, ikangoja marahaba, ndipo ikatoka. Penye mchanga mzito ilikuwa ikichagua njia yake bila kunishauri, mara kulia, mara kushoto, nami miguu yote miwili nje kama bata anayetua. Vijana wa bodaboda walinipita wamebeba abiria watatu na mbuzi. Mbuzi alinigeukia.

Kuna mambo ya safari ile ninayoyapita: petroli ya chupa iliyokuwa na rangi ya chai, korongo ambamo niliacha kioo cha kushoto, na nyani waliokaa kando ya njia wakinitazama kwa utulivu usio wa heshima.

Lakini mbung'o siwezi kuwapita, maana wao hawakunipita. Ukikaribia Rungwa unaingia miombo, ile misitu inayoungana na mapori ya akiba ya Rungwa, Kizigo na Muhesi mpaka Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Mbung'o huvutwa na kitu kinachotembea, na katika rangi zote huipenda sana bluu. Ndiyo maana wataalamu wa malale hutengeneza mitego yao kwa vitambaa vya bluu na vyeusi: bluu ya kuwaita, nyeusi ya kuwafanya watue. Skuta yangu ni ya bluu. Siti yake ni nyeusi. Kwa maneno ya kitaalamu, nilikuwa mtego uliokatiwa bima.

Walikuja wengi, na mwendo wangu uliwafaa kabisa. Mbung'o hang'ati kama mbu mwenye adabu. Yeye hupenya hata shati. Nilipiga shingo, nikapiga goti, nikapiga mkono wa kulia kwa mkono wa kushoto, na papo hapo injini ikazima. Kimya. Nilibonyeza stata, haikukohoa hata kidogo. Nikasema betri imekufa. Hapo palikuwa mwanzo wa kijiji, na ndipo walipotokea wale wanaume saba niliokutajia. Walinisukuma hadi karibu na shule, ingawa skuta isiyo na gia haiwaki kwa kusukumwa hata uifikishe Tabora: injini isipozunguka yenyewe, haishikani na gurudumu. Nililijua hilo. Lakini unawaambiaje watu wanaokusaidia kwa moyo wote kwamba jasho lao halina kazi? Nikanyamaza, nikashika usukani, nikaonekana mwenye matumaini.

Aliyeiwasha ni mtoto wa darasa la tatu. "Mwalimu," akauliza, "hii nyekundu ya nini?" Ilikuwa swichi ya kuzima injini, upande wa kulia wa usukani, pale pale nilipompiga mbung'o. Nilimpa kalamu mbili na nikamwomba asisimulie. Kabla ya jioni hata wapishi wa shule walikuwa wakinisalimu, "Mwalimu, nyekundu haijambo?"

Mwezi uliofuata mkanda ulikatika karibu na Mwamagembe. Fundi aliletwa, kijana hodari aliyeweza kufungua Boxer akiwa amefumba macho. Alifungua yangu macho wazi na bado hakuona alichokitafuta.

"Cheni iko wapi?"

"Haina cheni. Ina mkanda."

"Mkanda kama wa mashine ya kusaga?"

Nilitaka kucheka, ila alikuwa amesema kweli tupu. Ni mkanda wa mpira wenye umbo la kabari, ndugu kabisa wa ule unaozungusha mashine ya unga, tofauti ni kwamba huu wangu hupanda na kushuka kwenye puli zake na kufanya kazi ya gia. Akaitwa mwenye mashine. Akaja na mkanda wa akiba begani, na nyuma yake akina mama wanne wenye ndoo za mahindi, waliotaka kujua kama leo kutasagwa au la. Mkanda ukapimwa. Ulikuwa mrefu kwa dhiraa nzima. Mwenye mashine akauliza kwa upole kama skuta haiwezi kurefushwa.

Nililala Mwamagembe siku tatu nikingoja mkanda kutoka Dar.

Halafu asali. Huku kwetu asali ya miombo ndiyo zawadi, na mzazi mmoja alinipa dumu la lita tano nimpelekee mke wangu, pengine baada ya kusikia habari za bati. Nikaliweka chini ya siti, pamoja na madaftari ya darasa la nne. Nilichosahau ni kwamba sanduku lile liko jirani na injini na hupata joto kama jiko la makaa. Joto liliilainisha asali, rasta zikalegeza kizibo. Niliposimama kunywa chai nilifungua siti, na harufu ikatoka kuwatangazia nyuki wa pori lote kwamba mlo uko tayari. Wateja walihama wote, mwenye hoteli akahama, chapati zikabaki zinaungua. Mimi nilijifungia jikoni kwa saa moja na nusu, nikimtazama kupitia ufa nyigu wangu wa bluu akiwa amefunikwa na nyuki. Madaftari niliyarudisha kwa wenyewe hivyo hivyo. Sijapata kuona darasa likipitia masahihisho kwa bidii kama ile. Wengine waliyapitia kwa ulimi.

Mwishowe mgongo na mimi tulikubaliana. Skuta ikabaki Itigi, na mimi nikarudi kupanda fuso.

Ijumaa iliyopita nilifika Itigi jioni, juu ya magunia ya mahindi, mwekundu kwa vumbi kuanzia nywele hadi soksi. Pale lami ya Manyoni inapopita nikaona kitu cha bluu kinakuja bila haraka, bila kelele, kimenyooka kama mshale. Mke wangu alikuwa amekaa wima kwenye kiegemeo, kanga kiunoni, gauni refu, miguu imetulia mbele kwenye ule uwazi wa Mwitaliano. Anakwenda Manyoni na kurudi mara mbili kwa wiki kuchukua vitenge vya kuuza. Amejifunza kwa siku moja. Nyumba, naona, imeanza kuezekwa.

Akasimama mbele yangu, akanitazama kuanzia juu hadi chini.

"Pole na safari, Baba watoto. Panda. Lakini jikung'ute kwanza, usinichafulie siti."