Gari la Kijiji, Spea Zangu

Hapa Iyula, wilayani Mbozi, kila mtu ni fundi magari, isipokuwa fundi mwenyewe. Fungua boneti mbele ya duka, hata kama unaongeza maji tu, uone. Kabla hujagusa mfuniko wa rejeta umeshazungukwa na jopo. Mmoja anasema ni plagi. Mwingine, ambaye hajawahi kumiliki hata toroli, anatikisa kichwa: hapana, hiyo ni pampu, mlio wake anaujua. Wakishindwa kuelewana, wote wananigeukia na swali lile lile: "Mzee, hili si uwape tu watu wa chuma chakavu?"

Gari lenyewe ni Corolla namba A. Nchi imeshamaliza B, C na D, sasa tuko E. Vijana wa bodaboda hapa kijiweni wakituona tunapita hulipa gari shikamoo kwanza, ndipo wanisalimie mimi. Mjapani aliyeliunda simlaumu hata kidogo. Yeye alilitengenezea lami, hakuwahi kuonyeshwa barabara za Mbozi mwezi wa Machi.

Safari hii ugonjwa ni kuchemsha. Likipanda kilima mshale nao unapanda, na tukifika juu linatoa moshi mweupe. Nikamwita fundi. Akaonja maji ya rejeta kwa ncha ya ulimi, akatema, akasema gasketi ya hedi imeungua. Nikamuuliza kwa nini iungue wakati maji naweka kila asubuhi. Nikamkumbusha pia kwamba themostati aliitoa yeye, kwa maelezo kwamba kile kidude ni cha nchi za baridi, huku kwetu hakina kazi. Maneno hayo aliyasema mwezi wa Juni akiwa amevaa sweta mbili na kofia ya kuziba masikio. Mbozi! Mahali ambapo asubuhi ya kipupwe gari haliwaki mpaka lisukumwe na familia nzima pamoja na mgeni aliyelala.

Tukaingia kwenye hesabu. Gasketi. Hedi ipelekwe Mbeya ikasagwe, maana imepinda. Ukishafungua hedi, anasema fundi, ni dhambi kuacha ringi, kwa sababu linakula oili. Ukiweka ringi uweke na besta zake. Na kwa kuwa injini itakuwa imeshashushwa, mikono ya injini nayo ibadilishwe. Spea za mtumba zinaagizwa Dar es Salaam, zinakuja kwa basi, unazipokea Mlowo usiku wa manane. Jumla ikakaribia bei ambayo dalali mmoja wa Tunduma alikuwa tayari kulichukua gari zima, pamoja na redio. Nimeshagundua kwamba bei za mafundi hufuata msimu. Kahawa ikiwa bado maua, gari lina "tatizo dogo tu, mzee." Chama chetu cha ushirika, AMCOS, wakitangaza malipo, gari hilo hilo linahitaji oveholi.

Basi nikasema yaishe, nikaenda kwa watu wa vyuma. Mnunuzi akalizunguka gari akilipigapiga teke. Corolla ya aina hii ina uzito wa tani moja hivi, kwa hiyo kichwani nilikuwa nimeshazidisha kilo elfu moja kwa bei yake. Naye akaanza kutoa. Viti si chuma. Vioo si chuma. Matairi toa, dashibodi toa, mazulia toa. Bampa? Plastiki. Alipofika kwenye milango akasema kutu nayo siyo chuma, ni udongo. Nikaona tukiendelea hivi nitaondoka na deni.

Na bado kuna utaratibu. Kulifuta gari kwenye usajili, TRA wanataka kadi na vibao vya namba virudi. Upande wa pili, kwa sheria za mazingira, biashara ya chuma chakavu inahesabiwa kwenye kundi la taka hatarishi, mnunuzi anatakiwa awe na kibali. Yaani gari lililompeleka binti yangu kanisani siku ya harusi yake, kesho yake linasafirishwa kwa kibali kama sumu! Nikamwambia mnunuzi asubiri.

Tena chuma ni chuma. Pale Ndolezi, humu humu wilayani Mbozi, tuna kimondo kilichodondoka kutoka angani. Wengine husema kina tani 12, wengine 16, na asilimia kama 90 ni chuma. Hakijawahi kusogea hata hatua moja tangu kidondoke, na watu wanalipa kiingilio kukitazama. Langu mimi linatembea mpaka Mlowo likiwa na nafuu, na bado naambiwa ni chakavu.

Jirani yangu mwenye ng'ombe akasikia habari za kuuza, akaja mbio kabla ya kifungua kinywa. Anataka ekseli ya nyuma afungie mkokoteni. Fundi akalala chini ya gari, akatoka, akamweleza kwamba gari hili nyuma kila gurudumu lina mguu wake, hakuna ekseli nzima inayovuka kama ya pikapu. Jirani akanitazama kwa huruma ya kweli. "Baba Tumaini, gari gani hili? Hata mkokoteni halifai?"

Ushauri wa kununua jingine nao ninao wa kutosha. Ukisimama kando ya barabara kuu ya Tunduma unaona magari ya IT yanavyopita, yametoka bandarini Dar es Salaam, yanawahi Zambia na Kongo, yanang'aa kama vijiko vya wageni. Dereva wa IT akikupa lifti unakaa kwenye kiti chenye nailoni na unashuka Vwawa ukijiona waziri. Lakini ukitaka la kwako, ushuru unakungoja. Kenya gari lililozidi miaka 8 haliingizwi nchini, Uganda tangu 2018 wameweka kikomo cha miaka 15. Sisi hatukatazi, tunakutoza ushuru wa uchakavu juu ya ushuru mwingine, ili ukome mwenyewe. Gari jipya nalo ni la waheshimiwa. Mimi ni mkulima wa kahawa.

Njia iliyobaki ni ile ya wananchi wote: liweke juu ya mawe. Zamani ilikuwa hatari, maana ada ya leseni ya gari ya kila mwaka ilizidi kukudai hata kama ndani ya gari wamelala kuku. Ubovu ulikuwa unakulazimisha uamue. Mwaka 2017 serikali ikaifuta, ikaongeza shilingi 40 kwenye kila lita ya mafuta. Tangu hapo gari lisilotembea halidaiwi kitu, na ndiyo maana kila kijiji kina makaburi yake ya Corona na Mark II. Nikamwambia mke wangu: mawe yapo, naleta manne.

Hapo ndipo nilipojua gari ni la nani.

Alianza mama wa kwaya. Shikamoo haikumaliza hata kuitikiwa: "Baba, tamasha la Vwawa spika zitakwenda na nini?" Akaja mwenye kijana anayeanza bweni, ana tranka, godoro na ndoo. Akaja mjukuu wa bibi wa jirani, kunikumbusha usiku ule tulipomkimbiza bibi hospitali huku mvua inaingia dirishani. Bibi alipona, na mpaka leo hudai kwamba ni baridi ya gari langu iliyomzindua. Hata lile jopo la boneti likaja, likiongozwa na mtaalamu wa pampu, kuuliza mimi ni mtu wa namna gani, nitupe mali ya jamii.

Nikawauliza: mkiazima gari mnaweka nini? Mafuta, wakajibu kwa fahari. Ni kweli, petroli ya chupa, ya kwenda tu. Na gasketi anaweka nani? Kimya. Ringi? Mmoja akakohoa. Nikasema sawa, harusi mnachangia, misiba mnachangia, basi na hili tulichapishie kadi za mchango.

Nilidhani watatawanyika. Wakaunda kamati. Mwenyekiti, katibu, mweka hazina, na mjumbe wa ufundi, ambaye bila shaka ni yule wa toroli. Fedha ya kwanza ilinunua soda za kikao. Ya pili ikawa nauli ya bodaboda ya mweka hazina kwenda Mlowo kuulizia bei ya spea ambazo bei yake fundi alishaitaja. Iliyobaki, lazima niseme, ilitosha gasketi na kusaga hedi. Ringi, wamesema, nitamalizia mwenyewe, kwa sababu hata mwenye mali aoneshe moyo.

Jana katibu ameniletea ratiba ya matumizi baada ya matengenezo. Jumamosi ni ya kwaya. Jumapili ni ya wazee wasioweza kutembea kwenda kanisani. Siku ya gulio wamechukua akina mama wa maharage. Wagonjwa, wakati wowote. Mimi nimo, jina la mwisho, Jumatatu, kwenye mabano wameandika "endapo ataweka mafuta". Nikampelekea fundi ratiba aione. Akaisoma mpaka mwisho, akaniambia Jumatatu haitawezekana, mzee, hiyo ni siku ya sevisi.